Karate, judo, taekwondo au ngumi: uende wapi, umpeleke mtoto wapi

Januari shule zikifunguliwa, swali hili hurudi: mtoto ana miaka minane, hatulii, nimpeleke karate au taekwondo? Nyuma yake anakuja kijana anayetoka kazini saa nne usiku na anataka kujua kujihami. Halafu dada wa miaka thelathini na kitu ambaye mashine za gym zimemchosha. Wote wanataka kuambiwa mchezo upi ni bora, na jibu wanalopata hutegemea wamemuuliza nani. Wa karate atasifia karate, wa ngumi atawacheka wanaopigana na hewa.

Hapa nimeiweka minne bega kwa bega: karate, judo, taekwondo na ngumi, ambazo wengine tunaziita ndondi au masumbwi. Jiu-jitsu ya Kibrazili, kickboxing na mieleka nimeiacha, si kwa ubaya. Ukitoka nje ya Nairobi na Dar es Salaam utaitafuta sana. Msimamo wangu niuseme mapema: jina la mchezo lina uzito mdogo kuliko namna unavyofundishwa. Lakini michezo hii imerithi namna tofauti za kufundisha, na urithi huo ndio unaoamua mwili wako utakuwa unajua nini baada ya mwaka mmoja. Ndiyo maana naanzia huko.

Darasa la kila mmoja limetoka wapi

Karate ya leo, ile ya watu kusimama kwa mistari na kurusha ngumi hewani mwalimu akihesabu ichi, ni, san, ilitengenezewa shule. Anko Itosu aliingiza karate katika shule za Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga kata fupi za Pinan (kata ni mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa) ili wanafunzi wengi wafundishwe kwa pamoja. Kabla yake mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache tu, uani kwake, mbali na macho ya watu. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, naye alikuwa mwalimu wa shule. Ukilijua hilo hushangai kuona mwalimu mmoja wa karate akiwatuliza watoto arobaini ndani ya ukumbi mmoja. Miezi sita ya kwanza utajifunza kusimama, kupiga, kuzuia, na kata ya kwanza na ya pili. Utajua mikono na miguu yako iko wapi. Usichokijua bado ni mtu mwingine.

Judo ilianzia upande wa pili. Mwasisi wake, Jigoro Kano, alipofungua shule yake ya Kodokan katika hekalu la Eishoji, Tokyo, mwaka 1882, alikuwa na wanafunzi tisa na mikeka kumi na miwili. Alichukua jujutsu, mbinu za zamani za Kijapani za kupigana bila silaha, akatoa kwenye mazoezi ya kupambana mbinu ambazo huwezi kumfanyia mwenzako bila kumlemaza, ili zile zilizobaki zifanywe kwa nguvu zote. Mazoezi hayo ya kushikana kweli yanaitwa randori. Hoja yake ilikuwa kali kuliko inavyosikika: mbinu hatari usiyoweza kuijaribu hubaki hadithi, na mbinu salama unayoijaribu kila jioni kwa mtu asiyetaka kuangushwa inakuwa yako. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza ya judo ni kuanguka, kuanguka tena, mitupo mitatu au minne, kumbana mtu chini, na kuangushwa na kila aliyekutangulia. Haipendezi kutazamwa, na mzazi aliyezoea kuona watoto kwenye mistari iliyonyooka anaweza kudhani hapa hakuna utaratibu.

Taekwondo ilipata jina hilo Korea Kusini mwaka 1955. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: ina nyumba mbili kubwa. Moja ni Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo (ITF), aliyoiunda Choi Hong Hi mwaka 1966. Nyingine iliundwa 1973 na leo inaitwa World Taekwondo, na hiyo ndiyo ya Olimpiki, yenye medali rasmi tangu Sydney 2000. Kwenye ITF ngumi za kichwa zinaruhusiwa. Kwenye World Taekwondo ngumi ni ya kiwiliwili tu, na kichwa ni cha miguu. Uliza klabu iko upande gani kabla hujalipa ada. Kwa vyovyote, miezi sita ya kwanza utanyoosha misuli mpaka ulie, utapiga pedi kwa mguu mara nyingi kuliko unavyodhani inawezekana, na utajifunza umbali.

Ngumi haina kata wala kuinamiana kwa Kijapani. Kuna kuruka kamba, kupigana na kivuli, begi, pedi za kocha, kisha ulingo. Mtaala wake ni mfupi kuliko yote niliyotaja: ngumi chache, hatua chache, njia chache za kukwepa, zikirudiwa mpaka zitoke bila kufikiri. Kocha hafundishi darasa zima kwa mpigo. Anakusogelea, anakugonga kiwiko kishuke, anaenda kwa mwingine. Asiyeuliza anaweza kukaa wiki mbili na begi bila kuangaliwa.

Kila sheria ina upofu wake

Hapa ndipo watu hudanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchezaji hujenga tabia inayolipwa pointi. Katika taekwondo ya Olimpiki ngumi ya kiwiliwili ina pointi 1, teke la kiwiliwili 2, teke la kichwa 3, na teke la kuzunguka linaongezewa: 4 kwa kiwiliwili, 5 kwa kichwa. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, nani atahangaika na mikono? Rio 2016, fainali ya kilo 80, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma 6-4 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza. Katika sekunde ya mwisho alizunguka, mguu ukafika kichwani (teke hilo wakati huo lilikuwa na pointi 4), akashinda 8-6 na kuipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kwa macho ni uzuri mtupu. Lakini tazama mikono ya wachezaji wengi wa mtindo huo wanaposubiri: imening'inia chini, kwa kuwa hakuna ngumi inayokuja usoni. Huo ni upofu uliofundishwa na sheria. Mtaani ngumi ya uso ndiyo ya kwanza kuja.

Karate ya mashindano ina upofu wa aina nyingine. Pigo linatakiwa lifike kwa kasi na lisimame. Ukizidisha nguvu unaadhibiwa. Mfano ulioonwa na dunia nzima ni fainali ya uzito wa juu ya wanaume katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4-1. Akapiga teke la kichwa, Sajad Ganjzadeh wa Iran akaanguka na kuzimia. Waamuzi wakamwondoa aliyepiga kwa kuzidisha nguvu, na dhahabu ikaenda kwa aliyekuwa amelala. Walioicheka karate siku ile hawakuelewa kwamba kujizuia ndiyo mashindano yenyewe. Ila wewe unayechagua unapaswa kujua maana yake: miaka mitano ya kusimamisha ngumi sentimita chache kabla ya shavu inafundisha jicho na kasi kwa kiwango cha juu sana, na wakati huohuo inaufundisha mkono kusimama. Kyokushin, mtindo wa karate ulioanzishwa na Masutatsu Oyama, ilijaribu kuponya hilo kwa kuruhusu mapigo kamili ya mwili, ikapata upofu wake: ngumi za uso zimekatazwa, kwa hiyo wanasimama karibu mno.

Judo nayo? Shirikisho la Kimataifa la Judo lilianza kuzuia kukamata miguu mwaka 2010, na 2013 likapiga marufuku kabisa. Kijana aliyejifunza baada ya hapo husimama wima kwa fahari na hawazii kwamba mtu anaweza kumrukia magotini. Pia hakuna anayempiga. Bondia, kwa upande wake, anajua uso na mbavu kuliko wote, ila ukimshika kiuno na kumwangusha amefika nchi ya ugeni.

Pamoja na yote hayo, judo na ngumi zina jambo ambalo karate na taekwondo huwa nalo klabu kwa klabu: mpinzani anayekataa kushindwa yupo kwenye ratiba ya kawaida, si siku ya mashindano tu. Kwangu hilo ndilo linaloamua, kwa mtu anayetaka kujihami. Klabu ya karate inayopambana kila wiki kwa kinga na usimamizi itamfaa kuliko klabu ya ngumi ya kupiga begi na picha za mitandaoni. Klabu ya karate yenye kata tupu ni mazoezi mazuri ya viungo, kumbukumbu na nidhamu, na hakuna aibu kulitafuta hilo. Aibu ni mwalimu kuliuza kama kinga dhidi ya vibaka. Na dhidi ya kibaka mwenye kisu, mwalimu mkweli wa mchezo wowote kati ya hii minne atakwambia umpe simu.

Kichwa

Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya ngumi uzito wa welter Seoul 1988, kwa nokauti ya raundi ya pili dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Julai 1994 alifariki Las Vegas kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano la kulipwa. Alikuwa na miaka 26. Simtaji ili kuitisha familia yoyote. Namtaja kwa sababu mabondia wetu wengi wanajua mwanzo wa habari yake kuliko mwisho wake.

Kwenye ngumi kichwa ndicho shabaha. Kofia za kinga zinapunguza kuchanika na kuvimba, lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu vilevile. Mwaka 2013 chama cha kimataifa cha wakati huo kiliziondoa kwa wanaume wazima wa ridhaa, na mjadala haujaisha. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba mapigo hujumlishwa, na yale ya mazoezini ni mengi kuliko ya ulingoni. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha wa ngumi ni hili: wiki ina sparingi (mapambano ya mazoezi) ngapi za nguvu? Akijibu "kila siku, ndiyo uanaume", ondoka. Makocha wazuri hufanya sparingi nyepesi ya kiufundi kwa glovu nzito, na ile ya nguvu huitoa kwa kipimo, pambano linapokaribia. Aliyetikisika, yaani anayeumwa kichwa, kuona mawili, kutapika au kusahau raundi iliyopita, hapigani tena siku hiyo wala wiki hiyo, anaenda hospitali.

Kwa mtoto chini ya miaka kumi na miwili mimi ningesema ngumi ndiyo, ila bila kupigwa kichwani. Kamba, begi, kivuli, pedi, michezo ya kugusana mabega. Kuna makocha wanaofanya hivyo na watoto wanafurahi. Taekwondo nayo usiidharau hapa: teke la kichwa lina nguvu kuliko ngumi, hata kukiwa na kofia. Karate ya kugusa na judo ndizo zenye mapigo machache ya kichwa, kwa masharti ninayoyasema sasa hivi.

Kuanguka

Ukiniuliza ni ujuzi gani wa michezo hii minne utautumia maishani hakika, nitakujibu kuanguka. Wengi hatutapigana kamwe. Sote tutateleza: bafuni, kwenye ngazi zilizolowa, tukishushwa na bodaboda. Judo inafundisha kuanguka kabla ya kitu kingine chochote. Kidevu kifuani, mkono ukipiga mkeka, pumzi nje. Karate na taekwondo huligusa hilo kidogo au haziligusi kabisa, na ngumi inakufundisha kuinuka tu kabla ya kumi.

Lakini judo hiyohiyo, ikifundishwa kwa haraka, ina rekodi ya kutisha. Japani kwenyewe, kati ya 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya shule, wengi wao wapya, wengi kwa majeraha ya kichwa baada ya kutupwa kinyumenyume. Mtupo unaotajwa sana ni osoto-gari, ule wa kufyeka mguu kwa nyuma: ni rahisi kuujifunza, na anayetupwa bila kuwa amejifunza kukunja kidevu hupiga kisogo. Ufaransa, nchi yenye wachezaji wa judo waliosajiliwa zaidi ya nusu milioni, iliweka sheria mwaka 1955 kwamba anayefundisha judo kwa malipo lazima awe na diploma ya serikali. Mchezo ni uleule, mitupo ni ileile. Kilichotofautiana ni nani anaruhusiwa kusimama mbele ya darasa, na mtoto anasubiri muda gani kabla ya kutupwa.

Kwa hiyo ukitembelea klabu ya judo, angalia mikeka na angalia wapya. Mpya anayetupwa kwa nguvu katika juma lake la kwanza, tena na mtu mzito kuliko yeye, ni sababu tosha ya kumchukua mwanao na kuondoka. Mikeka iliyoachana ikaacha ufa wa kuingia vidole vya mguu, vilevile. Nchi nyingi pia haziruhusu watoto wadogo kukabana shingo wala kukunja viwiko. Mwalimu akikuonyesha mtoto wa miaka saba anavyokaba, usipige makofi.

Mfuko na mahali

Ngumi ndiyo rahisi kuanza. Kamba, bandeji za mikono, raba za kawaida. Glovu za klabu zipo japo zinanuka, na baadaye utanunua zako pamoja na kinga ya meno. Usinunue glovu za bei ya kutupa za kuchezea watoto kwa ajili ya kupiga begi, vifundo vya vidole vitakudai. Karate inahitaji sare na nafasi ya wazi tu. Inafanyika kwenye sakafu ya darasa, kwenye saruji, hata ufukweni. Taekwondo huanza kwa bei ya karate na kupanda mtu anapoingia mashindano, kwa sababu ya kinga za kifua, kichwa, miguu na soksi zenye vihisi vya kielektroniki. Judo inaitaka klabu, si wewe, itumie pesa nyingi: mikeka ni ghali na haina mbadala wa kweli. Sare ya judo nayo ni nzito na ya gharama, kwa sababu inavutwa. Ukivaa ya karate kwenye randori itachanika kola siku ya kwanza.

Ndiyo maana judo ni adimu kwetu, na pale ilipo huwa ipo kwa sababu ya mtu mmoja aliyeng'ang'ania. Zanzibar imekuwa na judo tangu miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani. Tanzania imempeleka Andrew Thomas Mlugu kwenye judo ya Olimpiki Rio 2016 na tena Paris 2024. Goju-ryu, mtindo wa karate, nayo Dar es Salaam ina mizizi ya miaka ya 1970, dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Zanaki, chini ya Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani; wengi wanaofundisha karate mjini leo wamepitia mkono wake au mkono wa wanafunzi wake. Kenya imesonga zaidi kwenye taekwondo: Faith Ogallo alifika Olimpiki ya Tokyo.

Na kama unadhani huwezi bila ukumbi, mtazame Parfait Hakizimana, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akiishi kambi ya Mahama, Rwanda, akifundisha watoto wa kambini taekwondo. Mkono wake mmoja uliharibika kwa risasi akiwa mtoto. Alitoka kambini hapo kwenda kushindana Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kwa mtu mwenye ulemavu wa mkono, mchezo unaoendeshwa na miguu ni chaguo la wazi, na njia yake ya kimataifa imeshatengenezwa.

Jambo lingine la huku pwani: hijabu. World Taekwondo inairuhusu chini ya kofia, na Kimia Alizadeh wa Iran alishinda shaba Rio 2016 akiwa ameivaa. Karate ya kimataifa inaruhusu ya aina maalumu. Ngumi ya ridhaa iliruhusu mwaka 2019. Judo ndiyo ngumu zaidi, kwa hofu ya kukabwa na kitambaa. London 2012 Wojdan Shahrkhani wa Saudi Arabia aliruhusiwa baada ya mvutano, akiwa na kofia ya kubana kichwa. Hizo ni sheria za mashindano. Klabuni ni mazungumzo kati ya mzazi na mwalimu, pamoja na swali kubwa zaidi ambalo judo hailikwepi: nani anashikana na nani. Klabu inayoweza kuwapa wasichana wenzao wa kufanya nao mazoezi ijibu hilo kabla hujalipa.

Mikanda

Hapa nitapita haraka. Mkanda mweusi ni kitu cha Kano, na rangi nyingi za katikati zilienezwa na Mikonosuke Kawaishi akifundisha Paris miaka ya 1930, ili wanafunzi wa Ulaya waone wanasogea. Zinasaidia watoto kwelikweli. Zinasaidia pia pochi ya mwalimu anayefanya mtihani wa mkanda kila miezi miwili kwa ada. Mtoto wa miaka tisa mwenye mkanda mweusi amepewa zawadi, na hakuna ubaya mradi nyumbani mnajua ni zawadi. Ngumi haina mkanda wa daraja hata mmoja. Una rekodi ya mapambano, au huna. Kuna watu wanaohitaji ngazi za kupanda ili wasiache, na kuna wanaochukizwa nazo. Jijue.

Mchezo uleule, mwalimu mwingine

Popole Misenga na Yolande Mabika walijifunza judo Kinshasa, wakiwa watoto waliopotezana na familia zao kwa vita vya mashariki ya Kongo. Judo iliwapa mahali. Kisha walieleza kwamba makocha waliwafungia ndani ya kizimba na kuwanyima chakula waliposhindwa. Walipokwenda Brazil kwenye mashindano ya dunia ya 2013 waliomba hifadhi, wakaendelea na judo huko, na mwaka 2016 wakaingia ulingoni Rio na timu ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Judo ilikuwa ileile ya Kinshasa; waliobadilika ni walimu.

Nenda klabuni siku ambayo hukutangaza, ukae nusu saa. Sikiliza mwalimu anamwita vipi mtoto aliyekosea. Tazama wakubwa wanavyowafanyia wadogo akigeuka. Uliza anayefundisha alifundishwa na nani na amesajiliwa na chama gani. Kila mchezo una shirikisho la taifa, na mwalimu halali hatakasirika. Fimbo si nidhamu, na pushapu mia kama adhabu kwa mtoto wa miaka saba zinaharibu mabega tu. Ukikatazwa kutazama, maliza hapo.

Basi, nani aende wapi

Mtoto wa miaka sita hadi kumi: judo, kama iko karibu na mwalimu ana subira ya kufundisha kuanguka. Kama haipo, na kwa wengi wetu haipo, karate ya mwalimu anayeweka michezo ya wawiliwawili kati ya kata. Mtoto asiyetulia hunufaika na mistari ya karate kuliko uhuru wa gym ya ngumi, ambako atamaliza saa nzima akizunguka begi.

Mwenye miguu mirefu, anayependa kuruka, anayetaka mashindano na safari: taekwondo ya upande wa Olimpiki. Njia yake iko wazi, uzito umegawanywa vizuri, na msichana hatachukuliwa kama mgeni. Akizidi miaka kumi na sita, aongeze siku moja ya ngumi kwa wiki ili mikono yake ipande.

Kijana wa miaka ishirini anayetaka kujihami na hana pesa wala muda: ngumi, siku tatu kwa wiki, miezi sita, sparingi nyepesi. Kati ya hii minne hakuna mwingine utakaompa faida upesi hivyo. Akibaki na hamu baada ya hapo atafute judo; ngumi na mtupo vikikutana ndani ya mtu mmoja, upofu mwingi unafunikwa.

Anayetaka mwili upungue na akili itulie, bila kupigwa: ngumi ya begi na pedi au karate ya kata, atakayoipenda. Taekwondo itamtesa nyonga kama ameanza na miaka arobaini.

Na mzee wa miaka hamsini na ushee anayeuliza kwa aibu kama amechelewa: aende judo akamwambie mwalimu kwamba hataki randori, anataka kuanguka tu. Aanze akiwa amechuchumaa, kisha magoti, kisha kusimama, kwa miezi mitatu. Akiwa na tatizo la mgongo au mifupa imeshapimwa kuwa dhaifu, daktari amtangulie mwalimu.